Debra Amefika?

Mume wangu aliposahau jina langu sikulia. Nilikasirika. Akina mama wa kanisani walipokuja kunipa pole walinikuta nimenuna. Nikawamiminia chai, kisha nikawaambia wazi kwamba mwanamume niliyempikia miaka arobaini na miwili hana ruhusa ya kuamka asubuhi moja akaniita "mama" kama anayemwamkia mke wa jirani. Walinitazama kwa huruma. Sikuitaka huruma yao hata kidogo.

Wakati huo tulikuwa tumehamia Kileleshwa, kwa binti yetu Nanyama, ghorofa ya tatu. Alitutoa Ngara mwaka wa 2005, baba yake alipopotea mara mbili akienda kununua gazeti. Mara ya pili tulimpata ndani ya duka la jumla, ameketi juu ya gunia la sukari, amepewa soda, na wauzaji wote wamemzunguka wakicheka. Lazarus alikuwa mtu wa kuchekesha watu tangu nimjue. Akili ilipoanza kumtoka, kicheko kilibaki.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Anafungua macho, ananitazama, anatabasamu kwa adabu.

"Habari ya asubuhi, mama. Samahani, wewe ni nani?"

"Ni mimi. Mkeo."

"Aa, mama, usinitanie. Mimi sijaoa bado."

Basi naamka, naenda jikoni kugongagonga sufuria.

Hayo ningeyavumilia. Lililonichoma lilikuwa la saa kumi. Kila siku, ifikapo saa kumi jioni, Lazarus alivaa koti lake la kijivu, akajipaka mafuta usoni, akasimama kwenye dirisha la sebuleni, pale unapoona lango la mlinzi na jakaranda inayomwaga maua yake ya zambarau juu ya magari ya watu. Akisikia hatua kwenye ngazi, anageuka haraka.

"Debra amefika?"

Debra gani? Jameni, Debra gani? Niliwapitia wote kichwani: wake wa wafanyakazi wenzake, waimbaji wa kwaya, wapangaji wa Ngara, hata yule mwanamke wa posta aliyekuwa akimchekea-chekea. Hakuna Debra. Nilimuuliza Nanyama, naye akasema, "Mami, huo ni ugonjwa. Akili inaokota majina tu."

"Ikiwa inaokota majina," nikamwambia, "mbona isiokote langu?"

Wiki iyo hiyo shemeji yangu Haron, mdogo wake Lazarus, alipiga simu kutoka Bungoma. Alisema kule nyumbani kuna nafasi, kuna wapwa wa kumwangalia, kuna uwanja wa kutembea bila kugongwa na gari. Angekuja Jumapili kumchukua. Nanyama alinishika mkono akaniambia pressure yangu imepanda, sijalala vizuri tangu Krismasi, lakini uamuzi ni wangu.

Hapo nikajiwekea sharti, na silifichi. Kama mle kichwani mwake nimebaki, hata kidogo, hata ukucha, Lazarus haendi popote. Kama aliyebaki ni Debra peke yake, basi Haron amchukue, wakamsubirie huyo Debra huko Bungoma. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku sita.

Sasa niwaeleze kazi aliyokuwa akifanya, maana bila hiyo hamtanielewa.

Lazarus alikuwa msimulizi wa gari la sinema. Lilikuwa lori lenye jenereta na spika mbili juu, likizunguka masokoni kutangaza sabuni na dawa ya mbu, na giza likianza kuingia wanatandaza shuka jeupe na kuonyesha filamu. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na watu wetu Kiingereza wangekitoa wapi? Basi sauti ya filamu ilizimwa, na mtu mmoja akasimama kando ya lori na kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili. Huyo mtu ndiye Lazarus. Kusema kweli, Kiingereza chake kilitosha kusoma barua ya karani. Wale waigizaji wa London walizungumza kama walio na viazi moto mdomoni, hakuambulia kitu. Kwa hiyo alitunga, na watu wakapenda utungo wake kuliko wangependa filamu yenyewe.

Moja ilipendwa kuliko zote. Sisi tuliiita Bwana Kofia. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ya Mwingereza mwembamba mwenye kofia ya mviringo anayekwenda kanisani kuoa. Anapita chini ya duka la mikate, gunia la unga linaanguka kutoka dirishani, linamtua kichwani. Anainuka mweupe pe, hajui yeye ni nani. Anazunguka mjini akiuliza watu, na kila mtu anampa kazi: muuza samaki anamvisha aproni, polisi anamtia pingu, bibi kizee anasema huyu ni mpwa wangu aliyepotea. Yeye anakubali yote. Na bibi arusi, na shela lake, anamtafuta London nzima.

Hapo bibi arusi anapotokea, Lazarus alikuwa na desturi yake. Alisimama, akamwuliza msichana mmoja katika umati jina lake, na bibi arusi akaitwa jina hilo mpaka mwisho wa filamu. Mwaka wa 1963, uwanjani Dagoretti, aliniuliza mimi.

Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye arusi zote mlizonialika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama mbele kabisa. Akaninyooshea kidole, na mimi bila woga wowote nikapaza sauti: Hannah Njambi, binti wa mzee Wahome! Kesho yake akafika nyumbani kunitafuta. Watu hupiga makofi hapo. Lazarus naye kila mara alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa leso, akasema, "Endelea, Mama Nanyama, endelea." Hakuwahi kuongeza neno.

Kazi ya gari la sinema ilipokwisha akawa karani wa ghala, lakini mikanda ya Bwana Kofia aliileta nyumbani ikiwa ndani ya makopo ya bati. Yalikuwa makopo matatu. La tatu, lenye mwisho wa filamu, lilipotea tulipohama nyumba. Mawili yalikaa chini ya kitanda chetu Ngara, yakatufuata Kileleshwa. Nilijiambia: akiiona filamu ile, akisikia zile kelele zake, ataikumbuka jioni ile, na akiikumbuka jioni ile atanikumbuka mimi.

Jumanne niliyatia makopo kwenye kikapu nikaenda River Road. Juu ya duka la makufuli na misumari kuna mtu anaitwa Thuo, anapiga video za arusi, na nilikuwa nimesikia ana projekta ya zamani aliyoinunua shule fulani ilipokuwa ikitupa vitu. Alifungua kopo, akanusa, akapiga mluzi.

"Shosho, hii kitu ni ya kitambo. Hata mathe hakuwa amezaliwa."

"Sikukuuliza mama yako alizaliwa lini. Inawezekana kuingia kwenye CD?"

"Inaweza. Nitaiangusha kwa ukuta, alafu niishike na kamera. Kuja Friday."

Ijumaa nikarudi. Alinipa CD kwa mikono miwili, na mtu wa River Road akikupa kitu kwa mikono miwili ujue kuna jambo.

"Picha iko sawa kabisa, shosho. Ni sauti tu ndio haikuingia. Ile taa ya sauti ndani ya projekta ilikufa."

"Ati?"

"Haina sauti."

"Filamu ya kuchekesha, bila sauti? Nikaangalie watu wakifungua na kufunga midomo kama samaki? Wewe Thuo, ningekuwa mama yako ningekuchapa na hii sandali!"

Aliniletea soda. Niliinywa nikimtazama kwa jicho baya, kisha nikaondoka. Nilirudi Kileleshwa nimekunja uso, na moyoni nilikuwa nimekata tamaa. Usiku huo, Nanyama alipolala, nilitoa sanduku la Lazarus nikalipanga: mashati matatu, sweta, sabuni, Biblia, dawa zake. Nikalisimamisha kando ya mlango.

Jumamosi saa kumi alikuwa dirishani, amevaa koti. Nanyama alikuwa ameiona ile CD, akasema tuiweke hata bila sauti.

"Debra amefika?"

"Keti kwanza, Baba," Nanyama akamwambia. "Sinema inaanza."

Akaketi vizuri, mikono magotini. Nanyama alifunga pazia, na jua la jioni likapenya kwenye kitambaa likiwa limepitia kwanza kwenye maua ya jakaranda, sebule nzima ikawa na mwanga wa zambarau. Kisha London ikatokea kwenye televisheni, ya kijivu, imeinama kidogo upande mmoja. Pembeni uliona msumari wa ukuta wa Thuo na kipande cha kalenda. Mvua ilikuwa ikinyesha kimyakimya. Watu walipita na miavuli, hawatoi sauti. Kulikuwa na mlio wa friji tu, na njiwa mahali fulani kwenye paa.

Bwana Kofia akatoka nyumbani kwake, akafunga mlango, akarekebisha tai.

Lazarus aligeuza shingo, akatazama nyuma ya sofa, kama anayetafuta kitu alichokiacha pale. Akatazama juu ya meza. Akachukua rimoti. Akaipuliza mara mbili, akaigonga kwa kidole.

"Haloo. Haloo. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?"

Nanyama alinitazama. Mimi nilijibu kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo.

"Tunakusikia!"

Akasimama. Akasogea kando ya televisheni, bega moja mbele, vilevile alivyosimama kando ya lori.

"Mabibi na mabwana, wazee wetu, akina mama na watoto. Walio juu ya miti wateremke, tawi likivunjika sisi hatumo. Huyu mnayemwona ni Bwana Kofia. Leo anaoa. Tazameni anavyotembea! Mahari ameimaliza jana, mifuko haina kitu, ndiyo maana ni mwepesi."

Ile sauti, jamani. Haikuwa ya mzee wa asubuhi na samahani zake. Ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na mitano, ikitoka tumboni, ikipanda na kushuka, na haikukwama hata kwa neno moja. Gunia la unga likaanguka.

"Pu! Unga wote wa chapati za arusi umemwishia kichwani! Sasa wageni watakula nini? Na tazameni, anajipapasa, anajiuliza: mimi ni nani? Wee Kofia, hata sisi tunakuuliza!"

Nanyama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha nikaona analia. Alimjua baba karani wa ghala. Huyu hakuwahi kumsikia. Mimi sikulia wala sikucheka. Nilikuwa naondoka pale polepole. Sofa ilikuwa inaniponyoka. Nilianza kusikia harufu ya petroli ya jenereta na nyasi zilizokanyagwa, miguu ikaona umande, na nyuma yangu nikahisi joto la watu wengi waliosimama wamebanana. Sikugeuka kutazama. Niliogopa wataondoka.

Bibi arusi akatokea kwenye mlango wa kanisa, ameshika shela lisipeperuke.

"Ngojeni," Lazarus akasema. "Arusi haiendi bila jina."

Akashusha rimoti. Akanigeukia mimi, akanitazama machoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi mingi.

"Wewe dada. Wewe hapo mbele, mwenye skafu ya manjano. Unaitwa nani?"

Sikuwa na skafu. Nilikuwa na nywele zangu za mvi na sweta ya nyumbani. Lakini nilijua hapa ndipo. Hapa ndipo atanikumbuka au hatanikumbuka kabisa.

"Naitwa Hannah Njambi," nikasema. "Mkeo."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, kana kwamba bado sijajibu. Kisha akatabasamu, akainua rimoti.

"Anasema anaitwa Debra!"

Nilisimama. Haki ya Mungu nilisimama, nilitaka kuizima ile televisheni na kulivuta lile sanduku mwenyewe hadi langoni. Nanyama akanishika mkono. Lazarus alikuwa anaendelea.

"Debra, mmesikia? Wenzake wanacheka. Binamu yake anamfinya. Mimi naona hili jina ni la uongo, lakini ni zuri, tutalitumia. Na wewe mzee mwenye tochi huko nyuma, tafadhali izime, unamulika shuka letu. Ati unamtafuta binti yako? Mzee wangu, hapa binti yako hayupo. Hapa kuna Debra tu."

Tochi.

Nikaketi chini. Niliiona ile tochi, nawaambia niliiona, ikipita juu ya vichwa vya watu, mwanga wake mweupe ukikata vumbi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama akasema binti wa Mkristo haendi sinema. Nyumbani niliaga naenda mazoezi ya kwaya. Ile skafu ilikuwa ya binamu yangu Becky, aliyenifunga nayo ili nisitambulike. Tochi ilikuwa inakaribia, na huyu mwanamume ananiuliza jina kwa spika mbili mbele ya Dagoretti nzima. Ningesema nini? Nilitaja jina la yule mwanamke mwamuzi wa Biblia kwenye picha ya shule ya Jumapili. Debra. Na Lazarus, ambaye hata hakunijua, akaona tochi, akaniona ninavyotetemeka, akamrudisha baba yangu kwa mzaha wa kwenye kipaza sauti.

Bila woga, eti. Nimesema hivyo kwenye arusi ngapi? Nilisema mpaka nikaamini. Na yeye alikaa kando yangu na suti yake, akicheka mpaka machozi, akisema endelea, Mama Nanyama, endelea, na hakunisahihisha mbele ya watu hata siku moja. Miezi yote hii namnunia mtu kwa kusahau, kumbe aliyesahau ni mimi. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha kubwa iliyonitia kizunguzungu.

Kwenye televisheni bibi arusi alikuwa akimtafuta Bwana Kofia kwa muuza samaki na kwa polisi. Lazarus aliigeuza hadithi.

"Sasa Bwana Kofia anamtafuta Debra. Siku tisa! Anamwuliza kinyozi. Anawauliza wanakwaya. Hatumjui Debra, wanasema, hapa hakuna Debra. Siku ya kumi anamwona posta, amebeba barua za baba yake. Anamwambia, dada, jina lako limenimaliza miguu. Na Debra anamwambia..."

Hapo picha ikaisha. Kopo la pili lilikuwa limekwisha, bibi arusi amesimama kwenye stesheni ya treni, na televisheni ikawa ya buluu tupu. Lazarus hakujali. Aliendelea kuzungumza na ile buluu, sauti sasa ikiwa ya chini.

"Msiondoke, mabwana, jenereta litawaka. Debra amesema atakuja. Amesema kesho saa kumi, baba yake akienda kikao cha wazee. Na akija, ataniambia jina lake la kweli."

Akairudisha rimoti mezani kwa uangalifu, akaenda dirishani.

Jumapili baada ya kanisa sikubadilisha nguo. Nilipekua kabati la Nanyama mpaka nikapata skafu ya manjano, ya hariri, ya bei mbaya. Ilipogonga saa kumi nilikuwa chini langoni, na mlinzi ananishangaa. Gari la Haron likaingia.

"Shemeji! Mbona unasimama juani? Amejitayarisha?"

"Panda juu unywe chai, Haron. Sanduku utakaloliona mlangoni, usiliguse."

"Kwani haendi?"

"Haendi. Ana miadi."

Nilisubiri dakika kumi zaidi, maana siku ile ya miadi yetu ya kwanza pia nilichelewa; hilo sasa nililikumbuka vizuri. Kisha nikapanda ngazi polepole, nikikanyaga kwa nguvu ili anisikie. Mlango ulikuwa wazi. Haron na Nanyama walikuwa wameketi na vikombe, hawanywi. Lazarus alisimama dirishani na koti lake, na maua ya jakaranda nyuma yake, na akageuka.

Hakuuliza kama Debra amefika. Aliitazama ile skafu kwa muda mrefu.

"Umechelewa," akasema.

"Kikao cha wazee kilichelewa kuanza," nikamwambia. "Nilingoja mpaka baba atoke."

"Nilidhani huji."

"Nimekuja."

Alisogea, akanipa nafasi kando yake dirishani.

"Basi niambie jina lako la kweli."

"Hannah Njambi."

"Njambi," akasema. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chai kabla ya kuongeza sukari. "Njambi. Hilo ni zuri kuliko Debra."